Nyoka Wawili Wanaofanana: Je, Ni wa Aina Moja?

Mtoto wa nyoka ni nyoka, ndivyo wasemavyo wazee wetu, nao wasema kweli. Lakini mtu wa elimu akiisikia mithali hii huuliza neno moja zaidi: nyoka yupi? Maana chatu hazai swila, wala swila hazai koboko. Kila mmoja huzaa mfano wake. Katika Kitabu cha Mwanzo twasoma jinsi Adamu alivyoletewa wanyama ili awape majina, na kazi hiyo haijaisha mpaka leo. Wataalamu wa nyoka wangali wakipata nyoka wasio na jina. Na jambo la ajabu ni hili, ya kuwa mara nyingi mgeni huyo hapatikani mbali katika msitu usiokanyagwa na mtu. Hupatikana mahali ambapo watu wamemwona tangu zamani, ila walimwita kwa jina la mwenziwe aliyefanana naye.

Kwanza tuelewane juu ya neno aina. Sokoni watu husema aina za mchele na aina za maembe, na hakuna ubaya. Lakini katika elimu ya viumbe neno hili lina maana nyembamba zaidi. Tazama kuku na vifaranga wake. Mmoja mweupe, mmoja mwekundu, mwingine ana madoadoa, na wote wametoka katika mayai ya mama mmoja. Rangi zao ni mbalimbali, lakini aina yao ni moja, maana wakikua watazaana bila shida, na watoto wao watazaa pia. Sasa tazama punda na farasi. Wamefanana kwa mambo mengi, na wakikutanishwa huzaa baghala, mnyama mwenye nguvu nyingi. Lakini kwa kawaida baghala ni tasa. Ukoo wake hukoma kwake mwenyewe. Basi punda na farasi ni aina mbili. Mwaka 1942 mtaalamu Ernst Mayr, Mjerumani aliyehamia Marekani, aliandika ya kuwa aina ni kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao, wala hawachanganyiki na makundi mengine. Wataalamu wengi waliikubali kanuni hiyo, na ingali ikitumika.

Kanuni ni nzuri, lakini kuitumia kwa nyoka ni taabu. Ni nani awezaye kukaa porini mwaka mzima akiangalia arusi za nyoka? Na ukiwafungia nyoka sandukuni, ushahidi wao haufai sana, kwa kuwa kifungoni nyoka wa aina mbili huweza kuzaa pamoja, jambo ambalo porini pengine lisingetokea kamwe. Tena nyoka wengi wanaochunguzwa wamekwisha kufa. Wamo ndani ya chupa za spiriti katika nyumba za makumbusho, wengine tangu miaka mia na zaidi. Kwa hiyo mtaalamu hufanya kama kadhi ambaye hakuliona kosa likitendeka. Hukusanya mashahidi, akamsikiliza kila mmoja, kisha akapima kama maneno yao yanapatana.

Shahidi wa kwanza ni magamba. Huenda mkashangaa kusikia ya kuwa mtu mzima aliyesoma sana aweza kutumia siku nzima kuhesabu magamba ya nyoka, lakini kazi hiyo ina maana. Nyoka akikua, magamba yake hukua, wala hayaongezeki. Mtoto aliyeanguliwa leo ana hesabu ile ile atakayokuwa nayo uzeeni. Urefu wa nyoka hubadilika kwa umri na chakula, na rangi hupauka ndani ya spiriti. Hesabu ya magamba hukaa vile vile. Mtaalamu huhesabu mistari ya magamba kuzunguka mwili katikati, tangu upande mmoja wa tumbo, kupitia mgongoni, mpaka upande wa pili. Huhesabu pia yale mapana ya tumboni, na yale ya chini ya mkia, na kuangalia jinsi yale ya kichwani yalivyopangwa. Mistari ya katikati ya mwili kwa kawaida si shufwa bali ni witiri, yaani 15, 17, 19 na kuendelea, kwa sababu mstari mmoja hupita juu kabisa ya uti wa mgongo, na iliyobaki hugawanyika sawasawa kuume na kushoto.

Habari za koboko zitatuonyesha faida ya hesabu hii. Koboko wa kijani wa upande wetu wa mashariki alipewa jina la elimu na Andrew Smith mwaka 1849, na leo huitwa Dendroaspis angusticeps. Mwaka 1864 Albert Günther alimpa koboko mweusi jina lake, Dendroaspis polylepis, maana yake mwenye magamba mengi. Kufikia hapo mambo yalikuwa sawa. Lakini mwaka 1896 George Boulenger, mtaalamu mkubwa wa makumbusho ya London, aliwaunganisha wawili hao kuwa aina moja. Boulenger hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa amewachunguza nyoka wa dunia nzima, na vitabu vyake juu yao vilitumika kila mahali. Kwa sababu hiyo neno lake lilifuatwa kwa miaka 50. Ni mwaka 1946 tu ambapo Vivian FitzSimons wa Afrika Kusini aliwatenga tena.

Na kweli, ukiwaweka pamoja mashahidi wote, shauri huwa wazi. Koboko wa kijani kwa kawaida ana mistari 17 au 19 katikati ya mwili, na mweusi ana 23 au 25. Wa kijani hukaa mitini, katika misitu ya pwani na mashamba ya miembe na mikorosho, na hushuka chini mara chache. Mweusi hupenda nyika kavu, naye hulala katika vichuguu na mapango ya mawe. Mwili wake si mweusi hasa, bali ni wa kijivu au wa rangi ya udongo. Kilicho cheusi ni kinywa chake ndani, ambacho hukifunua anapotishwa. Kinywa cha yule wa kijani ni cheupe. Basi hapa magamba, makao na kinywa vyote vyasema neno moja. Shahidi mmoja pekee angeweza kukanushwa. Watatu wakipatana, kadhi huanza kuandika hukumu.

Mtasema, kwa nini basi tusitazame rangi tu, jambo lililo rahisi? Kwa sababu rangi ni shahidi mwongo. Kuna nyoka mmoja wa mitini, mwenye macho makubwa sana, apatikanaye mahali pengi Afrika, ambaye watu wa Afrika Kusini humwita boomslang. Katika sehemu nyingi dume lake ni la kijani na jike ni la rangi ya kahawia. Mtu asiyejua angeapa ya kuwa ni nyoka wawili, kumbe ni mume na mke. Kwa upande wa pili, yule dume wa kijani huuawa na kuitwa koboko, na koboko huachwa apite kwa kudhaniwa kuwa ni ukukwi asiye na madhara.

Nyoka huyo ndiye aliyemwua Karl Schmidt. Schmidt alikuwa miongoni mwa wataalamu wakubwa wa nyoka katika Marekani. Mwezi wa Septemba 1957, katika makumbusho ya Chicago, aliletewa nyoka mchanga kutoka Afrika ili amtambue. Kichwa na rangi vilimwonyesha ya kuwa ni boomslang, lakini gamba moja lilimtia mashaka. Gamba lifunikalo tundu la chini ya mkia kwa kawaida limegawanyika katika nyoka wa aina hiyo. La huyu lilikuwa zima. Alipokuwa akimshika na kumwangalia, nyoka akamwuma katika kidole gumba. Schmidt hakuona kwamba jambo lile ni kubwa, kwa kuwa nyoka alikuwa mdogo. Akaandika katika daftari yake yote yaliyompata, saa kwa saa, homa na damu iliyomtoka, na siku ya pili yake akafa. Hatuwezi kumcheka. Viumbe hawakusoma vitabu vyetu, na katika kila kundi huzaliwa mmoja ambaye gamba lake si kama la nduguze. Ndiyo sababu wataalamu hawapendi kuamua kwa nyoka mmoja. Hutaka wengi, wakubwa kwa wadogo, madume kwa majike, wa mahali mbalimbali, ndipo wanapoweza kujua tofauti ipi ni ya mtu mmoja na ipi ni ya kabila zima.

Huenda mtu akasema ya kuwa mabishano haya ni ya watu wasio na kazi. Muulize mganga wa hospitali. Dawa ya kushinda sumu ya nyoka hutengenezwa kwa kumchoma farasi sumu kidogo kidogo, mpaka damu yake ijifunze kuishinda. Kisha damu hiyo huchukuliwa na kusafishwa, ikawa dawa. Lakini damu ya farasi hujifunza sumu ile tu iliyotiwa, pamoja na zile zilizo karibu nayo. Dawa ya Afrika Kusini itumikayo kwa makoboko na mafira wengi haifai kitu kwa sumu ya boomslang. Yeye ana dawa yake peke yake. Basi majina yakichanganyika katika vitabu, sumu zaweza kuchanganyika katika chupa, na atakayelipa ni mgonjwa aliyelala kitandani.

Sasa tuje karibu na kwetu, Watamu katika pwani ya Kenya. Alikaa huko James Ashe, aliyeanzisha shamba la nyoka liitwalo Bio-Ken. Upande huo wapo swila wakubwa kupita kiasi, wa rangi ya kahawia, watemao sumu machoni kama swila wengine. Vitabu viliwahesabu pamoja na swila mwenye shingo nyeusi, Naja nigricollis, aliyepewa jina tangu mwaka 1843. Jina hilo lenyewe maana yake ni shingo nyeusi, na swila wa Watamu hawana shingo nyeusi! Lakini vitabu vilisema ya kuwa ni rangi tu, kama vifaranga wale wa kuku mmoja. Ashe hakuridhika. Alikuwa amewashika kwa mikono yake, na moyo wake ulimwambia ya kuwa hawa ni wengine. Mwaka 2004 palipatikana mmoja wao mwenye urefu wa mita 2.7, na alipokamuliwa alitoa sumu ya mililita 6.2, kiasi kikubwa mno kwa nyoka mmoja.

Ukubwa peke yake si hoja, kama vile mtu mrefu si wa aina nyingine ya watu. Ndipo wakaingia Wolfgang Wüster wa Wales na Donald Broadley wa Zimbabwe. Waliwalinganisha kwa magamba na rangi, kisha wakamwita shahidi ambaye Boulenger hakuwa naye. Ndani ya kila chembe ya mwili wa kiumbe yamo maandishi madogo, ambayo kwa Kiswahili huitwa vinasaba. Maandishi hayo yana herufi nne tu, nazo hurudiwa kwa utaratibu mrefu sana, na mzazi huyanakili kwa mtoto. Kila mara katika kunakili hutokea kosa dogo hapa na pale, kama mwanafunzi anakilipo somo ubaoni. Makundi mawili yakitengana siku nyingi, kila moja hukusanya makosa yake lenyewe. Mwalimu akiona daftari mbili zenye makosa yale yale, hujua ya kuwa wenye daftari wamekaa pamoja; na wataalamu hufikiri vivyo hivyo.

Daftari za swila wa Watamu zilileta jambo lisilotazamiwa. Hawakuwa ndugu wa karibu wa swila mwenye shingo nyeusi hata kidogo. Walikuwa karibu zaidi na swila wa Msumbiji, Naja mossambica, nyoka mdogo kuliko wao wa upande wa kusini. Mwaka 2007 wakapewa jina lao, Naja ashei, kwa heshima ya Ashe, ambaye alikuwa amekwisha kufariki. Leo yajulikana ya kuwa swila huyo ni mkubwa kuliko swila wote watemao mate ulimwenguni, naye hukaa katika nchi kavu za mashariki na kaskazini ya Kenya, na katika nchi za jirani. Na mnapomtaja, kumbukeni ya kuwa mate ya swila yakiingia machoni dawa ya kwanza ni maji safi mengi, upesi, kisha hospitali. Si maziwa ya mti wala majani yaliyotafunwa.

Lakini hata vinasaba vyaweza kudanganya, na hapa yafaa kukaa kidogo. Sehemu ya maandishi hayo hutoka kwa mama peke yake. Ni rahisi kuisoma, na kwa hiyo ilitumika sana hapo mwanzo. Waluguru na Wamakonde huhesabu ukoo kwa mama, nao wana sababu zao. Lakini mtu atakaye kujua habari zote za mtoto hana budi kuuliza na upande wa baba. Ikiwa zamani sana jike wa kundi moja aliolewa na dume wa kundi jingine, maandishi ya mama yaweza kuendelea katika ukoo ambao kwa mambo mengine yote ni wa baba. Anayesoma upande mmoja atawahesabu watoto mahali pasipo pao. Kwa hiyo wataalamu wa sasa husoma pande zote mbili.

Ndivyo walivyofanya kwa fira wa msituni. Fira huyo alipewa jina la Naja melanoleuca mwaka 1857, na kwa miaka mingi alidhaniwa kuwa ni aina moja tu, tangu Afrika Magharibi mpaka pwani ya Kenya na Tanzania. Mwaka 2018 Wüster na wenzake walitangaza ya kuwa huyo mmoja ni watano. Waliposoma maandishi ya mama, na ya wazazi wote wawili, na kuhesabu magamba, ushahidi ulielekea upande mmoja. Fira wa msituni wa upande wetu sasa huitwa Naja subfulva.

Mmoja wa hao watano hukaa katika kisiwa cha São Tomé, katika bahari ya magharibi ya Afrika, wala hapatikani penginepo duniani. Watu walizoea kusema ya kuwa Wareno ndio waliomleta kisiwani ili ale panya. Ingalikuwa hivyo, angefanana kabisa na nduguze wa bara, maana miaka mia tano ni muda mfupi kwa kunakili makosa. Lakini alionekana kuwa mbali nao, na mwaka 2017 akapewa jina lake, Naja peroescobari. Hebu fikirini tofauti ya hukumu hizo mbili. Mnyama aliyeletwa na merikebu aweza kuhesabiwa kuwa mharibifu, akauawa bila majuto. Mwenyeji asiyepatikana mahali pengine, akiisha kisiwani amekwisha duniani.

Msidhani ya kuwa mashauri yote huisha kwa amani. Hakuna hesabu iliyowekwa, ya kusema ya kuwa herufi kadha wa kadha zikitofautiana basi ni aina mbili. Wapo wataalamu wapendao kugawanya, na wapo wapendao kuunganisha, nao hubishana sana katika majarida yao. Mimi naona wagawanyaji wengine huenda mbio kupita kiasi, wakimpa jina kila nyoka wa kila kilima. Ushahidi ulio bora kuliko wote hupatikana pale makundi mawili yanapokutana. Yakikaa katika msitu mmoja, yakinywa maji ya mto mmoja, na bado hayachanganyiki, hapana mtu atakayeweza kubisha. Lakini makundi yaliyotengwa na bahari au jangwa hayapati nafasi ya kujaribiwa hivyo, na hapo mtaalamu hutumia akili yake na kusema, “Kwa ushahidi nilio nao, naona hivi.” Kisha huweka mwili wa nyoka mmoja katika makumbusho, uwe shahidi wa jina lile, ili yeyote atakayekuja baadaye, hata baada ya miaka mia, aweze kuutazama na kumpinga.

Ninyi msijaribu kumshika nyoka, mzima wala aliyekufa, kwa maana hata kichwa kilichokatwa huweza kuuma. Lakini nyoka hujivua, na ngozi yake kuukuu mara nyingine huonekana imenasa katika ua au juu ya paa. Mwalimu akiichukua kwa kijiti na kuitandaza juu ya meza, mtaona magamba yote yamechorwa juu yake, ingawa rangi imetoka. Hesabuni mistari katikati ya mwili, polepole, tena mara tatu, kwa kuwa ni rahisi kuruka mmoja. Mkipata 19, hamjui bado ngozi ni ya nani, maana nyoka wa namna nyingi wana 19. Lakini mwajua ya kuwa aliyepita juu ya paa lenu, kama alikuwa koboko, hakuwa koboko mweusi.